Kioo cha Mama Yako na Sakafu ya Ukumbi

Mwanangu Mwanamisi, na mwalimu wangu,

Ungekuwa hapa ungeniamkia kwanza, basi marahaba, naitika mapema nisije nikasahau. Umekwenda kwa shangazi yako kusukwa nywele, na mama yako amekufuata huko huko kuhakikisha unasukwa anavyotaka yeye, si unavyotaka wewe. Nyumba imenyamaza. Nimeketi mezani pako, nimeshika kalamu yako, daftari ni lile lako lililobaki kurasa, na ni saa tatu ya asubuhi tu. Nina siku nzima ya kuharibu karatasi.

Kesho unakwenda Taru kufundisha. Hebu niandike tena, maana kuna utamu wake: binti yangu anakwenda Taru kufundisha. Jana nilimwambia muuza kahawa pale njia panda, naye akanijibu, "Bwana Bakari, habari hiyo uliniletea juzi, na jana yake pia." Nikamwambia basi mimina kikombe kingine, nikuletee tena.

Sitakwambia habari za kandili, wala chandarua, wala komeo la mlango, wala kuchemsha maji ya kunywa. Hayo mama yako ameshakwambia mara saba, nami nimeyasikia mara saba kupitia ukutani, hata naweza kwenda Taru mimi nikaishi salama salimini. Nina jambo langu jingine. Sijapata kumwambia mtu, na nikilisema kwa mdomo nitaligeuza mzaha, wanijua nilivyo. Mdomo wangu ni mwepesi kwa kila kitu isipokuwa kuomba radhi. Kwa hiyo nitajaribu kwa mkono, ingawa mkono nao ni mzito. Herufi hizi ulinifundisha wewe, meza hii hii, mtu mzima niliyezoea kuandika kwa herufi za chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto, ukanigeuza kama mtu anayegeuza mkokoteni njia nyembamba. Nilikuwa mwanafunzi wako wa kwanza na nadhani mkaidi kuliko wote utakaowakuta huko. Makosa utakayoyaona humu yaache. Usinirudishie barua ikiwa na wino mwekundu.

Wiki hii umeniuliza mara tatu, "Baba, Mjomba atakuja?" Mara ya kwanza nikasema tutaona. Mara ya pili nikasema inshallah. Mara ya tatu nikajifanya natafuta nyundo, na nyundo ilikuwa mkononi.

Wajua kwamba mjomba wako Hamadi, kaka yake mama yako, anakaa Bongwe hapo, mwendo wa baiskeli, na wajua hajakanyaga kwetu miaka sita. Na wajua kwa watu wa upande wa mama yako ilivyo: mtoto akitoka kwao kwenda kuanza maisha, mjomba ndiye anayesimama kizingitini, akamwaga maji mbele ya miguu yake, akamwambia nenda. Baba hawezi kulifanya hilo. Baba abebe sanduku tu. Asipokuja, kesho utatoka kama mgeni aliyelala usiku mmoja. Uliniambia, "Si kitu, Baba, nitakwenda hivyo hivyo," na sauti yako ikakatika katikati. Mimi nikaenda nje kuangalia paa, na paa halina neno.

Usichokijua ni kwamba mlango huo niliufunga mimi. Kila mtu anadhani Hamadi alikasirika kwa sababu zake. Basi sikiliza.

Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa mtu wa sakafu za chokaa. Nyumba nyingi za mawe kuanzia hapa hadi Msambweni alizipigia sakafu yeye. Sakafu ile ilikuwa harusi, mwanangu. Chokaa na kokoto vinamwagwa, watu wanajipanga mistari, kila mmoja na kipande chake cha mti, wanapiga kwa pamoja huku wanawake wakiimba, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na muda wote maji. Mzee alikuwa anazunguka na kata, hapa ananyunyiza, pale ananyunyiza. Akiona pamepauka kidogo anapiga kelele, "Mnaiua! Ina kiu hiyo!" Mimi nilikua nikijua kwamba sakafu ni kama mtoto mchanga, ukiinyima maji inakufa. Hilo liliniingia kabla sijajua kuhesabu.

Sasa njoo kwenye mwaka ule wa bendera. Ulikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, utakumbuka zile nguo mpya. Palikuwa pakijengwa ukumbi hapa Ukunda, na uhuru utakapoingia sherehe ifanyiwe humo ndani, watu wacheze ngoma ya sengenya juu ya sakafu ya kisasa. Si chokaa, si saruji tupu. Vigae vya mpira! Vilikuja kwa maboksi, vyembamba kama sahani za santuri, rangi ya buluu na rangi ya maziwa, vinalainika kidogo ukiviweka juani. Hakuna aliyewahi kuviona. Msimamizi wa kazi alikuwa mzee mmoja kutoka Mombasa, tulimwita Bwana Pimamaji kwa sababu pimamaji yake haikumtoka mkononi, nadhani hata chakula alikipima kama kimekaa sawa sahanini. Yeye akauliza nani fundi sakafu hapa. Watu wote wakanionyesha mimi. Mwanangu, nilivimba kichwa, kofia ikanibana.

Zege la chini alilimwaga mjomba wako. Hamadi kwa zege alikuwa hana mfano. Mchanga wake aliuchagua chembe kwa chembe, aliutoa bara, mbali na ufuo, akauonja kwa ulimi kuhakikisha hauna chumvi. Nilimcheka, nikamwambia, "Shemeji, tia na pilipili." Alilimwaga zege, akalinyunyizia maji siku saba kama inavyotakiwa, siku ya nane akasimama mlangoni akaniambia, "Sasa basi. Asiliguse mtu. Liacheni likauke lenyewe, wiki kwa wiki. Vigae vya mpira havina pumzi, maji yakibaki chini yake hayana pa kutokea." Maneno yake hayo hayo. Nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeyasikia vizuri, na sikuyajali.

Kwa sababu wajua nilifanya nini? Kila jioni, watu wakishaondoka, niliingia na debe la maji nikalinywesha zege lile. Nililiona limepauka nikalihurumia. Nilisikia sauti ya mzee wangu masikioni, ina kiu hiyo. Nilidhani Hamadi ni kijana wa saruji, hajui siri za sakafu, nami namsaidia kimyakimya, siku moja nitamwambia atanishukuru. Zaidi ya mwezi mzima nililinywesha. Zege likanywa, likashukuru, likatulia.

Zilipobaki siku chache, Bwana Pimamaji akanifundisha kazi ya kuandaa, na hii nakuandikia kwa raha kwa sababu ni kazi nzuri, wengi hawaijui na hawaioni. Watu husifu vigae. Hakuna anayesifu kilicho chini yake. Kwanza unapiga magoti unabandua kwa patasi kila tone la saruji lililoganda, hata dogo kama punje ya mtama, kwa kuwa kigae chembamba hakifichi kitu, punje itajitokeza juu na kila apitaye ataijua kwa unyayo. Halafu unalaza ubao mrefu ulionyooka, unauzungusha kama mshale wa saa, na mahali mwanga unapopenya chini ya ubao ndipo pana shimo, unapajaza. Halafu unafagia. Halafu unafagia tena, ukidhani umemaliza unapitisha kiganja, kikitoka cheupe unarudi mwanzo. Nilifanya yote hayo, wallahi, na niliyafanya vizuri.

Likabaki la mwisho. Bwana Pimamaji akasema tafuta kioo, kilaze kifudifudi juu ya zege, ziba kingo zake zote kwa nta, kiache mpaka kesho saa kama hii. Ukikiinua kikiwa kikavu, anza kazi. Kikiwa na umande, ngoja.

Kioo sikuwa nacho. Nikaazima cha mama yako, kile cha harusi yake, chenye fremu ya maua. Ndicho hicho alichokifunga ndani ya kanga na kukutilia sandukuni. Ndiyo, hicho.

Kesho yake asubuhi nilikwenda peke yangu mapema. Nikabandua nta, nikakiinua kioo. Mwanangu, kilikuwa kinatoka jasho. Matone, si ukungu, matone yanayotiririka. Nikakitazama kile kioo nikajiona uso wangu umelowa kama niliyetoka kuoga. Siku za bendera zilibaki tano. Wageni walikwisha kualikwa. Nami nilikwisha kutamba kila baraza kuwa mimi ndiye mtu wa kwanza pwani hii ya kusini kutandika sakafu ya mpira. Nikajiambia, maji hayajapata kuharibu sakafu ya baba yangu hata moja. Nikashika ncha ya kikoi changu nikakifuta. Bwana Pimamaji akaingia na pimamaji yake. Akauliza, "Vipi, pakavu?"

Nikasema, "Pakavu."

Neno moja tu. Limenila miaka sita.

Tulitandika. Unanyoosha kamba katikati ya ukumbi, unaanzia katikati, si ukutani, unakwenda ukitanda nje, buluu na maziwa, buluu na maziwa. Gundi ilikuwa nyeusi ya lami. Tulipomaliza, watu walikuja kuchungulia madirishani kama wanaochungulia bibi harusi. Nilikaa siku hizo kama sultani.

Siku ya sherehe ikafika. Ulikuwepo, utakumbuka, ila wewe ulikuwa nje na wenzako mnagombania kaimati. Ndani, mgeni wa heshima akaketi mbele, bwana mkubwa amevaa suti na viatu vinavyong'aa. Ngoma ikaanza. Akina mama wa sengenya wakaingia, na mwanangu, wale si watu wa kukanyaga kwa huruma. Mzunguko wa kwanza, salama. Mzunguko wa pili nikaona kigae kimoja kimeinua pembe, kama mtu anayeinua nyusi. Wa tatu, kimetembea. Basi ikawa vurumai! Vigae vinateleza kama samaki, akina mama wanashikana mabega, huyu anacheka, huyu anapiga mayowe, lami imepanda nyayoni, mmoja ananiita, "Bakari, sakafu yako nayo inacheza!" Mgeni wa heshima akasimama kupiga makofi, akapiga hatua mbele, na hatua ile ikainuka na kigae cha buluu kimeganda kiatuni. Akautikisa mguu. Kigae kikakataa. Akautikisa tena, na ngoma ikamfuata, wapigaji wakadhani anacheza. Na yeye, Mungu ampe umri, akacheza kweli! Akavua viatu vyote viwili, akatoka nje mchangani na watu wote nyuma yake, na ile ngoma ya nje mpaka leo inasemwa. Kusema kweli ilikuwa sherehe nzuri kuliko ambayo ingefanyika ndani. Nikiikumbuka mpaka sasa nacheka peke yangu juu ya kazi.

Kwa hiyo kama ni vigae tu, nisingekuandikia. Vigae vilibanduliwa, zege likaachwa likakauka miezi, vikatandikwa upya na vipo. Lakini siku ile ile, katikati ya kicheko, Bwana Pimamaji alikuja akainama, akagusa zege, akasema lina maji, yametoka wapi? Na mtu mmoja, simtaji, akasema, "Huu mchanga ni wa ufuoni. Chumvi hiyo inavuta maji." Watu wakaguna. Mwingine akasema ndiyo, Hamadi kauchukua karibu, kakwepa safari. Mara wote wamekubali, hata waliomwona akitoka bara na mkokoteni. Hamadi alikuwa amesimama hapo, na mikono yake ile ya fundi saruji. Alinitazama mimi.

Nami nikatazama ngoma.

Hakuna aliyemwita tena kumwaga zege. Akarudi Bongwe akashika jembe. Mimi nikapata kazi za Diani, hoteli hii, hoteli ile, na kwa kuwa nilishatiwa adabu na maji, kila mahali nililaza kioo na kila mahali nilingoja, wakasema hakuna fundi mwangalifu kama Bakari. Sifa hizo nilizila kwa mkono wa Hamadi. Nyumba yetu hii, unakumbuka nilivyoingoja sakafu yake ikauke miezi minne sote tumelala jikoni? Mama yako alikuwa akisema, "Baba Mwanamisi, nyumba hii tutaiingia au tutaitazama?" Mlinicheka, nami nikacheka. Hamkujua naogopa nini.

Sasa nimesoma niliyoyaandika. Nimeona kwamba nimekwambia wewe, na wewe siye niliyekukosea peke yako. Ningeweza kuikunja karatasi hii, ukaisoma Taru, ukalia, ukanisamehe kwa barua, na kesho ukatoka bila maji kizingitini. Hapana. Huko ni kufuta kioo mara ya pili.

Naacha kalamu hapa. Naichukua baiskeli. Nikirudi nitamalizia, na kama barua hii itaishia hapa, jua kwamba nilikwenda na nikafukuzwa.

*

Nimerudi. Adhana ya alasiri imetoka si muda. Naandika upesi, herufi zitakuwa zinapanda mlima, utanisamehe.

Nilimkuta Hamadi katika muhogo wake, ameinama, amenipa mgongo. Nikapiga hodi shambani kama mwendawazimu.

"Karibu, Shemeji," akasema, bila kugeuka. Sauti yangu aliijua.

Tukaulizana hali. Yeye mzima, mimi mzima, watu wake wazima, watu wangu wazima, mvua nayo haikupunja. Tulikuwa tukionana mazikoni tu miaka yote hiyo, tukipeana mikono upesi na kuachana. Salamu zikaisha, vikabaki vifaranga vya jirani.

"Hamadi, nimekuja kwa habari ya ukumbi."

"Ukumbi upi?"

"Waujua ni upi."

Akang'oa muhogo, akaukung'uta udongo, akaanza kuuchunguza kama ndio uliozungumza. Nikamwambia yote nimesimama, sikukaa. Nikamwambia, "Mchanga wako ulikuwa mzima. Maji yalikuwa yangu, niliyatia mimi kila jioni kwa debe. Kioo kilitoka jasho, nikakifuta, nikasema pakavu. Na waliposema wewe, nilinyamaza. Nimekukosea, ndugu yangu. Niwie radhi."

Akasema, "Kwa ncha ya kikoi."

"Nini?"

"Ulikifuta kwa ncha ya kikoi. Kile chenye mistari ya kijani. Nilikuwa mlango wa nyuma, nilikuwa nimeufuata mwiko wangu."

Mwanangu! Nilikaa pale pale kwenye tuta, juu ya muhogo wa watu. Nikamwuliza, "Uliniona? Mbona hukusema? Hamadi, miaka sita!"

"Ningesema nini? Wewe mume wa dada yangu. Ningekuvua nguo mbele za watu, yeye angevaa nini?" Akaketi na yeye, kando yangu. "Nikasema, nitamngoja aseme mwenyewe. Nilidhani wiki moja. Nikasema labda mbili. Kumbe wewe, Bakari, unakauka polepole kuliko zege!"

Nikacheka. Naye akacheka. Halafu sikucheka tena, nililia, na sioni aibu kukuandikia. Yeye akaniacha nilie mpaka nikamaliza, halafu akaniambia kwa upole, "Lakini iliniuma, nisikufiche. Nikipita mahali wanamwaga zege nageuza uso. Mkono huniwasha."

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema, "Umeniambia mimi, na mimi nilikuwa najua. Waambie wasiojua."

Basi tukapanda baiskeli moja, wazee wawili, yeye nyuma na kikapu cha muhogo mapajani, ananilalamikia kila shimo. Njia panda, kahawani, walikuwa wamejaa kama kawaida. Nikasimama. Nikasema, "Jamani, sikilizeni. Sakafu ya ukumbi wetu niliiharibu mimi, kwa maji yangu na kwa uongo wangu. Mchanga wa Hamadi haukuwa na chumvi hata chembe. Nilijua tangu siku ile, nikanyamaza."

Mzee mmoja akaweka kikombe chini. Muuza kahawa akanitazama, akamtazama Hamadi, akasema, "Alhamdulillahi! Leo Bwana Bakari ameleta habari mpya." Pakalipuka kicheko, na kabla kicheko hakijaisha, mmoja kati ya wale waliokuwepo siku ile akainuka akamshika Hamadi mkono, alimshika tu muda mrefu. Na mwingine, hawa watu hawana subira, akamwuliza hapo hapo kama atakuja Jumatatu kumtazamia msingi wa duka. Nilimtazama Hamadi mkono wake wa kulia. Ulikuwa unakuna paja.

Kwa hiyo utakapoisoma hii huko Taru utakuwa umeshamwona, na mengi utakuwa umeyasikia kwa mdomo wake, atakuwa ameyatia chumvi aliyosingiziwa kwenye mchanga. Mimi nimetaka uyasome kwangu pia. Sina wosia mkubwa. Ila siku moja utakosea hesabu ubaoni, watoto arobaini wanakutazama, nawe utaona una kitambaa mkononi na hakuna aliyegundua. Siku hiyo mkumbuke baba yako na kikoi chake, useme nimekosea, kabla kengele haijalia. Mimi nimeingoja miaka sita na kumbe ilikuwa kazi ya dakika moja, pamoja na salamu. Na wanafunzi wakionekana wazito wiki za mwanzo, usiwatandikie vigae upesi. Pitisha kiganja kwanza. Huko Taru ni kukavu, wanasema, hata sakafu haitoki jasho, kwa hiyo una nafuu kuliko mimi.

Na kioo kitumie. Ni kioo kizuri, kosa halikuwa lake. Jitazame asubuhi kabla ya kwenda darasani, uone nilivyokuwa nikikuona mimi unaponisahihisha meza hii: mdogo, mkali, na una haki.

Mama yako amerudi kabla yako, kufuata chumvi. Amemkuta kaka yake mlangoni. Amesimama, ametutazama mmoja mmoja, akasema, "Kwanza mtaniambia, halafu nitaamua." Nikamwambia. Amenikasirikia, na ana haki, amesema, "Miaka sita mnanipitisha katikati yenu kama barua!" Amekwenda jikoni amebamiza sufuria mbili. Halafu amerudi na chai, vikombe vitatu.

Lakini nimeruka. Kabla ya chai, Hamadi alisimama kwenye mlango muda, hakuingia. Alivua makubadhi yake akayapanga vizuri nje. Akaingia mguu mmoja, akaingia wa pili. Akapiga magoti katikati ya chumba, akapitisha kiganja juu ya sakafu yangu, polepole, hata pembeni kwenye ukuta, kule ambako mafundi wavivu huficha makosa yao. Akalaza kiganja chote, akakiacha hapo. Nilisimama kama kijana anayengoja matokeo ya mtihani. Kisha akaniinulia macho.

"Pakavu," akasema.

Kesho atamwaga maji yake kizingitini, mengi atakavyo, nami sitayagusa. Yatakauka yenyewe.

Nakusikia uani. Umefika, nywele zako sijaziona bado, na unamwuliza mama yako makubadhi ya nani haya mlangoni. Yeye yuko ndani anacheka. Naikunja karatasi hii. Ingia, mwanangu, uone.

Baba yako anayekupenda,
Bakari